Mbegu za Maua ya Matunguu kwa Njia ya Posta: Tathmini Baada ya Miaka Minne

Mwezi Machi 2021 niliagiza mbegu za maua ya matunguu kutoka kwa wauzaji wawili wa ng'ambo. Wa kwanza ni duka la mtandaoni la aina ile inayouza kila kitu, kuanzia vifuniko vya simu hadi mapazia ya bafu. Wa pili ni mkulima mdogo wa Afrika Kusini, mama wa makamo kwa jinsi anavyoandika, ambaye hauzi chochote isipokuwa mbegu alizochuma mwenyewe bustanini mwake. Wote wawili sitawataja, kwa kuwa kila mmoja alinikosea kwa namna yake, ijapokuwa makosa yao hayalingani hata kidogo na mmoja wao ningali nanunua kwake hadi leo. Nimekaa miaka minne na zaidi kabla ya kuandika kwa sababu maua haya hayapimiki mapema: mbegu huota katika wiki chache, lakini ua lenyewe huja mwaka wa tatu, wa nne au baadaye, na ni ua hilo tu linaloweza kuthibitisha kwamba kilichoandikwa kwenye pakiti ndicho kilichokuwamo. Nimesoma sifa nyingi zilizoandikwa na wanunuzi siku ya tatu baada ya kupokea mzigo. Hao husifu bahasha.

Tunguu ni ile sehemu ya mmea iliyovimba chini ya ardhi, mfano wa kitunguu tunachokatakata jikoni, ambamo mmea huweka akiba ya maji na chakula ili uvuke kiangazi. Mengi ya matunguu yenye maua ya kupendeza ni ya jamii ya Amaryllidaceae, na asili yake ni nchi ambazo sakitu, yaani umande ulioganda, ni nadra au haijulikani kabisa, kama vile maeneo ya joto ya Afrika Kusini, Afrika Mashariki na Brazili. Mkulima wa Ulaya hulazimika kuyaingiza ndani ya nyumba kila mwaka kabla ya majira ya baridi, la sivyo huoza. Mimi naishi Limuru, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, na ingawa jamaa zangu wa Mombasa husema kwamba tunaishi ndani ya friji, baridi yetu ya Juni hadi Agosti huyadumaza tu bila kuyaua, isipokuwa mabondeni ambako zipo asubuhi chache za mwaka ambapo sakitu hutua na kuunguza hata majani ya chai.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtu ajitese na mbegu wakati matunguu yenyewe yanauzwa. Yanayouzwa kwetu ni machache na yote yanafanana, kwa sababu yamezalishwa kwa kugawanya vitoto vya tunguu moja, kizazi baada ya kizazi, na kitoto cha tunguu ni mama yake yule yule. Yale mekundu yaliyoko kwenye nyua za bibi zetu kuanzia Kiambu hadi Kisumu huenda yalipokewa kutoka ua hadi ua kwa njia hiyo hiyo. Mbegu, kwa upande mwingine, ni mtoto halisi mwenye baba na mama, na hakuna miche miwili itakayofanana. Isitoshe, ziko aina ambazo hutazikuta zikiuzwa kama matunguu popote katika nchi hii, nazo hupatikana kwa mbegu pekee.

Nitaanza na lile duka la mtandaoni ili nilimalize haraka. Lilikuwa likiuza mbegu za ua la buluu, pakiti ya mbegu 50 kwa bei iliyo chini ya ile ya kilo ya sukari, na picha iliyoandamana nazo ilikuwa ya Worsleya procera, ua la rangi ya buluu iliyochanganyika na urujuani, ambalo kwa asili humea kwenye kuta za mawe ya itale katika milima ya Serra dos Órgãos karibu na Rio de Janeiro. Ua hilo ni adimu sana, hukua polepole mno, na mtu anayelianzisha kwa mbegu husubiri takriban miaka minane au zaidi kabla ya kuliona likichanua. Nilipaswa kujiuliza ni nani mwenye mbegu zake kwa wingi kiasi cha kuziuza hamsini hamsini kwa bei ya kutupa. Sikujiuliza. Bahasha ilifika baada ya wiki tano, juu yake imeandikwa kwamba ndani mna mapambo, bila cheti chochote cha afya ya mimea, na hapo napaswa kukiri kwamba hata mimi nilikuwa na hatia, kwa sababu mbegu za kupanda haziingizwi Kenya bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kilichotolewa kabla ya mzigo kuondoka huko unakotoka.

Mbegu zenyewe zilikuwa ndogo, nyeusi, zenye pembepembe. Ziliota siku ya tisa, zote kwa pamoja, kila mche ukitoka ardhini ukiwa umejikunja kama pini ya nywele kabla ya kunyooka. Niliona fahari. Wiki ya sita binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minane, aliukata mmoja kwa kucha, akaunusa, akaniambia kwa upole wa mtu anayetoa habari za msiba, "Mama, haya si maua. Ni vitunguu." Niliunusa na mimi. Vilikuwa vitunguu. Majani ya jamaa wa karibu wa Worsleya, kama vile Hippeastrum, hayana harufu hiyo hata uyafikiche namna gani, na mbegu zao ni bapa na nyepesi kama karatasi, kwa hiyo ningeweza kugundua ulaghai huo siku ya kwanza kama ningetazama kwa macho badala ya kutazama kwa tamaa. Niling'oa vyote nikavichoma, kwa kuwa mbegu isiyojulikana ilikotoka inaweza kuja na ugonjwa, na duka lilipoulizwa likajibu kwamba rangi hutegemea hali ya hewa.

Mkulima wa Afrika Kusini alinijibu kwa namna nyingine kabisa. Nilikuwa nimemwandikia orodha ya aina sita, nikiwa na pesa mkononi, naye akaniuzia nne tu. Mbili nyingine, yaani Scadoxus na Clivia, alikataa kuniuzia mwezi Machi kwa sababu matunda yake yalikuwa bado mabichi juu ya mimea. Akasema ataniandikia mwezi Agosti yatakapoiva. Jibu hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Nimekuja kutambua kwamba katika biashara hii mwenye ujuzi hujulikana kwa jambo hilo moja: anajua ni mbegu zipi zinazoweza kukaa na zipi zisizoweza, na anakubali kupoteza mauzo kuliko kutuma mbegu iliyokufa.

Tofauti hiyo inahitaji kuelezwa, maana ndiyo chanzo cha hasara nyingi. Sisi tumezoea mbegu kama za mahindi na maharagwe, ambazo hukaushwa, huwekwa kwenye debe, na kusubiri msimu. Hippeastrum na Cyrtanthus zina mbegu za namna hiyo kwa kiasi fulani. Zikikaa mahali pakavu na baridi, huvumilia miezi kadhaa. Lakini Crinum, Scadoxus na Clivia zina mbegu nene zenye nyama, zilizojaa maji, ambazo tangu zinapoiva huwa hai na zinaendelea kupumua bila kulala hata siku moja. Ukizikausha, umeziua. Muuzaji anayeziweka kwenye pakiti ya karatasi na kuandika kwamba zitumike ndani ya miaka miwili hajawahi kuziotesha, na nimeziona pakiti za namna hiyo zikiuzwa, mbegu ya Crinum ikiwa imenyauka kama zabibu kavu.

Sanduku la kwanza lilichukua siku 16 kufika. Ndani mlikuwa na cheti cha afya ya mimea, nakala ya kibali changu, na vifurushi vinne, kila kimoja kimeandikwa kwa mkono jina la mmea, tarehe ya kuchumwa na mahali mama yake ulipo bustanini. Kifurushi cha Crinum macowanii kilikuwa na mbegu tano zilizofungwa kwenye maranda makavu ya mbao. Aina hii humea kuanzia Afrika Kusini hadi huku kwetu Afrika Mashariki, na ua lake ni jeupe lenye mstari wa waridi katikati ya kila petali. Ina ndugu yake wa karibu, Crinum kirkii, aliyepewa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza huko Zanzibar katika karne ya 19, ambaye pamoja na siasa zake alikuwa mtaalamu wa mimea. Mbegu kubwa kuliko zote ilikuwa sawa na ndimu changa, ya kijani kilichofifia, ngumu kidogo, na tayari ilikuwa imetoa mzizi mnene mweupe uliojipinda kuelekea chini ya sanduku. Ilikuwa imeota njiani, ndani ya giza, bila tone la maji.

Hivyo ndivyo mbegu ya Crinum ilivyo. Haina ganda la kweli kama mbegu nyingine, maji inayohitaji imeshayabeba yenyewe, na kwa kuwa nyama yake ina ukijani, inaweza hata kujitengenezea chakula kwa mwanga. Nilizilaza juu ya udongo bila kuzifukia, kama karatasi yake ya maelezo ilivyoagiza, nikakaa kuzitazama kila asubuhi na kikombe cha chai. Ule niliodhani ni mzizi uliingia ardhini, ukaenda kimyakimya, na kwa wiki tatu hapakuonekana lolote. Kisha jani lilitokeza mahali nisipopatarajia, umbali wa upana wa vidole vitatu kutoka ilipolala mbegu. Nilifukua taratibu kwa kijiko nikakuta kwamba kile kilichotoka kwenye mbegu ni ghalambegu, yaani jani la kwanza lililomo ndani ya mbegu, iliyorefuka kama mrija, ikauzika mche wenyewe chini kabisa, na huko chini tunguu dogo mfano wa punje ya mbaazi lilikuwa limeanza kuvimba, likinyonya akiba ya mbegu iliyobaki juu. Mbegu ilisinyaa kadiri tunguu lilivyonenepa. Zote tano ziliota, na leo matunguu yake yana ukubwa wa ngumi yangu, ingawa hayajachanua. Sina malalamiko; nilijua tangu mwanzo kwamba miaka minne ni michache kwa Crinum.

Hatari kubwa iliyonipata kwenye miche hiyo haikutoka kwa muuzaji. Ni viwavi weusi wenye mikanda ya njano, wa nondo aitwaye Brithys crini, ambao hawali mahindi wala sukumawiki bali hutafuta jamii hii ya maua tu, huingia ndani ya jani na kulila kutoka katikati. Mwaka 2022 walikula majani yote ya miche mitatu kwa usiku mmoja na nusu. Matunguu yalichipua tena, lakini nakadiria kwamba yalirudi nyuma msimu mzima. Tangu hapo hukagua chini ya majani kwa tochi kila mvua inapoanza, nikawaokota kwa mkono.

Hippeastrum papilio ilikuwa na mbegu 20, nyeusi, bapa, nyepesi kama masizi ya karatasi iliyoungua. Ni mmea wa misitu ya pwani ya kusini mwa Brazili, ambako humea juu ya miti, na ua lake ni la rangi ya krimu iliyochanganyika na kijani, lenye michirizi ya zambarau iliyokoza inayolifanya lifanane na kipepeo. Karatasi ya maelezo ilinishauri nisizipande kwenye udongo kwanza bali nizieleshe juu ya maji. Nilichukua bakuli la uji, nikalijaza maji ya mvua, nikazitandaza mbegu juu yake na kuliweka juu ya friji ambako pana joto kidogo. Siku ya kumi na mbili mzizi mweupe ulichomoza kwenye ubavu wa mbegu ya kwanza, na kufikia mwisho wa wiki ya tatu mbegu 17 zilikuwa zimeota. Uzuri wa njia hii ni kwamba mbegu mbovu huonekana mapema, kwa kuwa huzama au kuota ukungu, na unaziondoa kabla hazijaambukiza nyingine, ilhali kwenye trei ya udongo kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche, kingefagia miche kabla hujajua kimeanzia wapi. Mzizi ulipofikia urefu wa sentimita moja, nilipanda kila mbegu kwa kuisimamisha ukingoni mwa kijishimo, nusu yake ikiwa nje.

Hapa nilifanya kosa langu mwenyewe ambalo sitaki kumbebesha mtu. Kwa kuwa maua ya Hippeastrum ya kawaida hupumzishwa bila maji wakati wa kiangazi, mwezi wa Januari 2022 niliacha kumwagilia miche minane ili "ilale". Papilio hailali. Huhifadhi majani yake mwaka mzima, na ile minane ilinyauka, miwili ikafa, sita iliyobaki ikawa nusu ya ukubwa wa wenzake. Ile tisa niliyoendelea kuimwagilia ndiyo iliyonipa maua matatu ya kwanza mwezi Oktoba 2024, na kati ya hayo matatu hakuna lililofanana na mwenzake: moja lilikuwa na michirizi mipana hata weupe ukabaki ukingoni tu, la pili lilikuwa na mistari myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu ya wino, la tatu lilikuwa hafifu na, kusema kweli, halikupendeza. Karatasi ya maelezo ilikuwa imeandika kwamba mmea huu hauachwi ukauke. Niliisoma baada ya msiba.

Cyrtanthus mackenii ni ya kuanzia kwa mtu asiye na subira. Mbegu zake nazo zilieleshwa majini, zikaota karibu zote, na ua la kwanza, jembamba kama filimbi, lenye rangi ya maziwa na harufu nyepesi tamu, lilitoka baada ya miaka miwili na miezi michache. Jamaa zake wengine huko Afrika Kusini hungoja moto wa nyika: Cyrtanthus ventricosus huweza kuchanua ndani ya wiki mbili tu baada ya moto kupita, huku majivu yakiwa bado yametanda. Mackenii haina makuu hayo. Inataka maji tu.

Gloriosa superba sikupaswa kuiagiza kabisa. Ua hili la miali miekundu na ya njano, ambalo ni ua la taifa la Zimbabwe, humea lenyewe kwenye vichaka vya pwani yetu, na kulinunua kutoka Afrika Kusini kwa mtu mwenye jamaa Kwale ni sawa na kuagiza nazi kutoka ng'ambo. Kati ya mbegu kumi ziliota tatu, moja ikitokeza baada ya karibu miezi mitatu, lakini hilo ni la kawaida kwa Gloriosa na muuzaji alikuwa ameonya. Kiazi chake huvunjika upesi kama chaki, na kikivunjika ncha yenye jicho, hakichipui tena. Nilipoteza kimoja kwa njia hiyo wakati wa kuhamisha. Mwenye watoto wadogo au mbuzi na afikirie mara mbili, kwa sababu mmea wote una sumu ya kolchisini, hasa kiazi, na ingawa dawa ya jongo hutengenezwa kwa kemikali hiyo hiyo, kipimo chake si cha kukisia nyumbani.

Mwezi Agosti barua ya yule mama ilikuja kama alivyoahidi. Sanduku la pili lilikuwa na mbegu kumi za Scadoxus multiflorus ya aina ndogo iitwayo katherinae, zimeoshwa nyama ya tunda, zimewekwa kwenye mfuko pamoja na nyuzinyuzi za makumbi ya nazi zenye unyevu kidogo. Hizi ni mbegu nyeupe, za mviringo, zinazong'aa kama lulu. Nane ziliota, nazo zina tabia ya kumkatisha tamaa asiyezijua: hutoa mzizi mnene wenye ncha iliyovimba, halafu hazifanyi lolote kwa miezi miwili au mitatu, kwa kuwa zinajenga tunguu chini kabla ya kutoa jani moja juu. Jirani yangu alizitupa zake akidhani zimegoma. Mwaka wa kwanza huwa na jani moja, pengine mawili, na mwaka wa pili huanza kuonekana kwamba ni mmea. Mwezi Aprili 2025 miwili kati ya minane ilichanua, na sina budi kusema kwamba nilitoka nje na tochi usiku kulitazama ua: mpira mwekundu uliokolea, mkubwa kuliko mikono yangu miwili iliyokusanywa, umefanywa kwa vijiua vingi mno vyenye nyuzi ndefu zilizochomoza kila upande, umesimama juu ya kikonyo kimoja kinene. Aina mama, yaani Scadoxus multiflorus wa kawaida, yupo hapa kwetu porini na huchomoza baada ya mvua za kwanza. Katherinae ni wa mashariki mwa Afrika Kusini, hurefuka zaidi, na mpira wake umejaa zaidi.

Sasa nifike kwenye kosa la yule mama. Clivia miniata ya kawaida ina maua ya rangi ya chungwa. Ile ya njano ni adimu na ghali. Kwa wapenda usahihi, Clivia haina tunguu kamili bali mizizi minene ya nyama, ila wauzaji wote huiweka kapu moja na wenzake nami sitagombana nao. Niliagiza mbegu sita zilizoandikwa kuwa ni za njano, nikalipa kwa mbegu moja bei ya pakiti nzima ya Hippeastrum. Zote ziliota. Lakini mche wa Clivia una siri ambayo mkulima yeyote wake anaijua: ukiwa utachanua rangi ya chungwa, kitako cha shina lake huwa na wekundu tangu jani la kwanza, na ukiwa utachanua njano, kitako hubaki kijani kitupu, kwa sababu hauna ile rangi nyekundu mahali popote mwilini mwake. Niligeuza mikebe kuelekea dirishani. Miche minne kati ya sita ilikuwa na vitako vyekundu kama vya rhubarbu, mboga ambayo wazungu hupikia vitindamlo.

Nilimwandikia nikaambatisha picha. Alijibu siku iliyofuata, akakiri kwamba mmea mama ulikuwa wa njano kweli, lakini hakuufunika wakati wa kuchanua, kwa hiyo wadudu walikuwa wameleta chavua kutoka kwenye maua ya chungwa yaliyo jirani. Maelezo hayo ni sahihi. Kinachoniudhi ni kwamba aliyajua kabla ya kuniuzia. Mbegu iliyochumwa kwenye mama wa njano na mbegu itakayotoa ua la njano ni bidhaa mbili tofauti kwa bei mbili tofauti, na mkulima wa miaka mingi hawezi kusema kwamba hakufahamu. Alinitumia nyingine sita mwaka uliofuata bila malipo, safari hii kutoka kwenye ua alilolichavusha kwa brashi na kulifunika kwa kitambaa cha chandarua, na zote sita zina vitako vya kijani. Gharama ya cheti na posta ya mara ya pili, hata hivyo, niliilipa mimi, na jambo hilo naliona kuwa si haki. Mmoja wa ile minne ulichanua Septemba 2025, rangi ya chungwa bila shaka yoyote, kama kitako kilivyotabiri.

Kuhusu udongo sitasema mengi. Karatasi ya maelezo ilipendekeza magome ya msonobari yaliyooza, ambayo huko kwake ni rahisi kupata. Mimi nilitumia mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa, yale yatumiwayo na mashamba ya maua ya Naivasha, nikayachanganya na mboji ya majani na mchanga wa mto kwa viwango sawa. Udongo wetu mwekundu wa Limuru peke yake hushikamana mno wakati wa baridi na matunguu machanga huozea humo.

Gharama ndiyo itakayowakatisha tamaa wengi kuliko miaka ya kusubiri. Mbegu za sanduku la kwanza ziligharimu chini ya kile nilicholipa kwa cheti, kibali na usafirishaji vikijumlishwa, na hali ilikuwa hiyo hiyo kwa sanduku la pili. Kwa mtu mmoja anayetaka mbegu tano, hesabu haikubali. Mwaka 2023 tuliungana watu wanne wa Limuru na Tigoni tukaagiza kwa cheti kimoja, kila mtu akachukua fungu lake, na gharama ya kila mmoja ikashuka hadi kiwango ambacho ningeweza kumwambia mume wangu bila kupunguza sifuri.

Kwa jumla, lile duka la mtandaoni silipatii hata nyota moja, na ninamshauri mtu yeyote anayeona mbegu za ua la buluu kwa bei ya sukari apite kando. Yule mama wa Afrika Kusini nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naishikilia kwa sababu ya Clivia, na itabaki mkononi mwangu hadi nione ile sita ya vitako vya kijani ikichanua. Orodha yangu ya mwezi Februari nimeshamtumia. Nimeomba Crinum peke yake, nimemtaka achume wiki ile ile ya kutuma, na mahali pa maoni nimeandika kwamba maranda yale ya mbao yaongezwe, kwa kuwa mara ya mwisho mbegu moja ilitoboa kona ya sanduku kwa mzizi wake, ikafika mlangoni kwangu ikichungulia.